Linki za Kurefushia Gari la Rimoti la Kupanda Miamba: Zipi Zinunuliwe Kwanza

Anayetafuta linki ndefu za sasipensheni, yaani fito zinazounganisha ekseli na chesisi, kwa ajili ya gari lake la rimoti la kupanda miamba kwa kawaida huulizia metali kwanza, ilhali jambo la kuamua mapema ni urefu, tena urefu wa linki za chini na za juu kwa pamoja. Katika magari ya kipimo cha 1:10 (moja ya kumi ya gari halisi), umbali wa ekseli hadi ekseli uliozoeleka ni milimita 313 hivi, na marefu kidogo hufika milimita 324. Tofauti hiyo ya milimita 11 huonekana wazi gari linapokuwa mwambani. Ukirefusha linki za chini peke yake, unaisukuma ekseli kwa chini huku juu ikiwa imeshikwa palepale, hivyo inazunguka, mdomo wa difu (sanduku la gia la ekseli) unainamia ardhini, na propela shafti, ile fimbo inayopeleka mzunguko kwenye ekseli, inalazimika kufanya kazi kwa pembe kali inayozila jointi zake.

Ushauri wangu ni kurefusha nyuma kabla ya mbele. Gari likitaka kupinduka kinyumenyume wakati wa kupanda, egemeo lake ni pale matairi ya nyuma yanapogusa mwamba, na kadiri matairi hayo yanavyokuwa mbali na kitovu cha uzito ndivyo linavyokuwa gumu kupinduka. Kurefusha mbele husaidia zaidi katika kushuka, lakini kunaweza kudai marekebisho ya fimbo ya stelingi iwapo sevo, yaani mota ndogo inayogeuza matairi, imefungwa kwenye chesisi. Kwa vyovyote vile, gari refu huhitaji nafasi kubwa zaidi kukata kona, na tumbo lake hukwama kwa urahisi kwenye kichuguu cha jiwe.

Kwa sababu hiyo, nafasi ya kwanza naipa seti yenye linki za chini za chuma kisichoshika kutu, zilizopindwa kuelekea juu ili kuongeza uvungu, pamoja na linki za juu za alumini. Kipande cha chuma chenye unene wa milimita 6 na urefu wa milimita 100 kina uzito wa gramu 22 hivi, na cha alumini hakifiki gramu 8. Uzito huo wa chuma, ukikaa chini karibu na mwamba, hushusha kitovu cha uzito, na chuma chenyewe huteleza juu ya jiwe pale ambapo alumini huchubuka na kung'ang'ania. Linki za juu hazigusi mwamba mara kwa mara, kwa hiyo hazihitaji kuwa nzito.

Nafasi ya pili ni ya fito za hesi za M4 (zenye unene wa milimita 4) zilizovishwa bomba la milimita 6, ambazo ndizo mkombozi wa mtu ambaye urefu anaoutaka haupatikani katika seti zilizo tayari. Fito huingia katika vichwa vya linki, yaani vipande vya mwishoni vyenye tundu la kufungia, pande zote mbili, na vichwa hivyo hukazwa mpaka vilibane bomba. Mabomba ya kushoto na kulia yakatwe sawasawa kabisa na kupigwa tupa pamoja, kwa kuwa hata nusu milimita huanza kuipinda ekseli upande.

Titani naiweka ya tatu. Ni imara na hurudi vizuri baada ya kupinda kidogo, lakini mnunuzi hulipa zaidi ili apunguze uzito mahali ambapo uzito unafaa. Alumini juu na chini ni ya nne. Brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) ni ya tano: ina uzito unaokishinda chuma kidogo, ila ni laini, na linki ndefu ya brasi hupinda mapema.

Ya mwisho ni kubaki na linki za zamani na kununua vichwa virefu vya plastiki, au kuvilegeza vilivyopo. Niliwahi kulegeza kila kichwa mizunguko mitatu, yaani milimita 2 hivi kwa hesi ya M4, na gari likapanda vizuri hadi tairi la nyuma lilipojibana kwenye ufa. Kichwa kimoja kilichomoka kikiwa na hesi zilizoliwa zote, na ekseli ikageuka upande. Hesi iingie ndani ya plastiki angalau mara mbili ya unene wake.

Kabla ya kulipa, pima linki ulizo nazo kwa kalipa (kipimo cha taya mbili) kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, si ncha hadi ncha. Hakikisha pia tairi halitagusa bodi. Kisha iachie ekseli ining'inie hadi mwisho wake na utazame propela shafti: vipande vyake viwili, baada ya kuongeza urefu unaoutaka, vinapaswa kubaki vimeingiliana kwa theluthi au zaidi. Visipofikia hapo, shafti ndefu iagizwe pamoja na linki.