Maji ya moto ya kuoga nyanda za juu kusini: mtambo wa sola au hita ya shawa?

Anayejijengea nyumba Mbeya au Njombe hupaswa kuamua mapema, kabla ya paa na plasta, kati ya mtambo wa sola wa kupasha maji na hita ya umeme inayofungwa kwenye shawa. Hita ni rahisi kununua na kufunga, lakini huvuta takriban kilowati 3.5 hadi 5.5, hivyo hudai waya mnene wa peke yake na ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) ya uhakika, jambo ambalo mafundi wengine hulipuuza.

Sola, kwa maoni yangu, inazifaa nyanda hizi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu baridi kali ya Juni na Julai huangukia kiangazi, ambapo jua la mchana mara nyingi hupatikana hata kama asubuhi inauma. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 15 hadi 45 kwa umeme hula takriban uniti 3.5, ambazo sola hukuokolea. Vikwazo vya sola ni gharama ya mwanzo, mawingu ya msimu wa mvua na, kwa wakazi wa Makete, jalidi (baridi ya kugandisha) inayoweza kupasua mirija ya maji ya mtambo. Paneli zielekee kaskazini, na kenchi za paa zihimili tangi la mtambo lililojaa maji.