The Game ya Queen: kinanda cha umeme kimeingia, gitaa bado lipo
Nimeirudia The Game, albamu ya Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, ya 1980, naipa nyota 4 kati ya 5. Jamani hawa ndo walikuwa wanaandika kabisa kwenye makava kwamba hakuna sinthesaiza (kinanda cha umeme) humu, wanajivunia gitaa la Brian May alilolitengeneza na babake, halafu hapa unabonyeza plei tu sinthesaiza ya Oberheim OB-X inanguruma, mi mara ya kwanza nilishtuka nikajua nimeweka bendi nyingine. Ila Freddie Mercury, mwimbaji wao, mtoto wa Unguja yule, akianza kuimba unatulia mwenyewe. Besi ya John Deacon kwenye wimbo wa Another One Bites the Dust ndo inanimaliza, kavuuu, haina haraka. Upande wa pili umepoa kidogo. Ukiipata kwenye santuri chukua.