Unga wa grafiti: kitasa cha mama kimelainika, ila angalieni sakafu

Kitasa cha mlango wa mbele kilikuwa kinamtesa mama. Ana baridi yabisi ya vidole, na kila asubuhi nilimsikia akihangaika na ufunguo, anauchomeka, anauchomoa, anauzungusha kwa mikono miwili. Dawa yetu miaka yote ilikuwa mafuta: ya cherehani yakiwepo, yasipokuwepo ya kupikia. Kinalainika wiki mbili tatu, kisha kinarudi kizito kuliko kilivyokuwa.

Nilipokibandua na kukifungua ndipo nikaelewa. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameganda kama gundi ya kahawia, yamenasa vumbi na chembe za shaba zilizolika. Tulidhani tunapunguza msuguano, kumbe tunatengeneza msasa ndani ya kitasa.

Nikanunua kichupa cha unga wa grafiti chenye mdomo mwembamba unaoingia kwenye tundu la ufunguo. Grafiti ni kaboni, ndiyo hiyo iliyomo kwenye penseli, ila ya penseli huchanganywa na udongo wa mfinyanzi. Imejengeka tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo hazikushikana kwa nguvu, kwa hiyo zinatelezeana kama karata mpya. Tena ni kavu, vumbi halina pa kunata.

Msiharakishe usafi. Nilisuuza kitasa kwa mafuta ya taa, nikamalizia na spiriti, nikakiacha kikauke kabisa, maana grafiti ikikuta mafuta inageuka uji mweusi unaoziba pini, vile vijiti vidogo vya ndani vinavyosukumwa na ufunguo. Halafu nikaminya mara mbili tu, nikauingiza na kuutoa ufunguo mara kumi na kitu huku nikiufuta weusi. Mama sasa anafungua kwa vidole viwili. Huu ni mwezi wa nane tangu niuweke na sijaongeza hata chembe.

Lawama yangu ni kwa kichupa. Kifuniko hakibani, unga unavuja, na mwingine ulimwagika kwenye vigae vya mlangoni. Nikaufuta kwa kitambaa kikavu, kumbe nausambaza. Jioni mama alikanyaga hapo, mguu ukamtoka, akadaka fremu ya mlango. Moyo wangu ulisimama. Nilisugua vigae kwa brashi na maji ya sabuni mara tatu, na kesho yake nikabandika kwenye kizingiti utepe wenye chembechembe kama za msasa. Pale mguu unahitaji kushika.

Lebo haikugusia hatari hiyo hata kwa neno moja, na hilo ni kosa kubwa. Inadai unga unafaa kila mahali. Haufai: usiuguse karibu na breki, wala kwenye kitasa cha umeme, kwa sababu grafiti inapitisha umeme. Bawaba za mlango nimezipaka grisi kama zamani.

Nitaununua tena kwa ajili ya vitasa na kufuli. Kichupa nakihifadhi kimesimama ndani ya kopo lenye mfuniko, na nikikitumia natandika gazeti chini kwanza.