Mota za hatua kwenye mashine yangu ndogo ya kuchonga: nilizilaumu bure

Mashine yangu ndogo ya kuchonga niliizungusha kwa mkono muda mrefu, hadi mabega yakakataa. Ndipo nikaamua kuifunga mota za hatua (huzunguka hatua moja ndogo kwa kila pigo la umeme), moja kwa kila mhimili, kompyuta ifanye kazi. Nilichagua kwa tamaa. Nilipitisha kidole kwenye safu ya nguvu ya kushikilia, nikakiweka penye namba kubwa kuliko zote: 2.8 Nm (nyutoni-mita), NEMA 23. Nikajiona nimelamba dume.

Kwa anayeanza, hiyo 23 haisemi lolote kuhusu nguvu. Ni upana wa uso wa mota tu: inchi 2.3, karibu milimita 57. NEMA 17 nayo ni inchi 1.7, yaani milimita 42. Kuna NEMA 23 fupi isiyo na ubavu, na kuna ndefu inayoizidi mara kadhaa, na zote zinakaa kwenye mashimo yaleyale manne.

Mota zangu zilikuja na nyaya nane kila moja. Kuzitambua zipi ni za koili moja hakuhitaji hata mita: unagusanisha ncha mbili, unazungusha shafti kwa vidole. Ikizunguka laini, nyaya hizo hazijuani. Ikigoma na kukwamakwama mkononi, umezipata. Nilipata jozi nne, kisha nikafuata rangi za kwenye karatasi ya mtengenezaji kujua jozi ipi inaungana na ipi na kwa upande gani. Hapo usikisie. Ukigeuza jozi moja, nusu mbili za koili zinapingana na mota inabaki kuvuma tu.

Draiva nilizokuwa nazo, yaani vifaa vinavyozilisha mota mkondo, zilitoa kama ampea 2, kwa hiyo nikaunga koili kwa mfululizo, maana hivyo mota hutosheka na ampea 2.1. Pawasaplai ilikuwa ya volti 24. Nikawasha, meza ikatembea, nikatabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Kwa mwendo wa milimita 300 kwa dakika alumini ilichongeka vizuri kabisa. Shida ilikuwa kwenye kurudi haraka. Nilipoweka 2000, mhimili wa Y ulitoa mlio mkali, mota ikasimama inatetemeka, na programu ikaendelea kuhesabu kana kwamba meza imefika. Mota za hatua hazimrudishii mtu habari. Ukituma mapigo, kidhibiti kinaamini yametendeka.

Nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nilishuku skrubu za kapulingi, kile kiungo kati ya mota na skrubu ndefu ya kusogeza meza, kwamba shafti inateleza ndani yake. Nikafunga saa ya kupimia kwenye jiliwa, nikaituma meza kwenda na kurudi mara nyingi, nikaandika kosa la kila safari: 0.2, 0.5, 0.3, tena 0.2. Hakuna 0.27, hakuna 0.41. Hilo ndilo lililonifumbua macho. Mota ya digrii 1.8 ina hatua 200 kwa mzunguko, na rota ikiponyokwa hudondokea kwenye nafasi inayofanana, hatua nne mbele au nyuma. Skrubu yangu ndefu inasogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, kwa hiyo hatua nne ni milimita 0.1 kamili. Kapulingi inayoteleza isingekuwa na nidhamu hiyo.

Basi ni mota, nikasema, nimeuziwa takataka. Nilikuwa karibu kuagiza kubwa zaidi (ningezidisha ugonjwa) nikaisoma ile karatasi tena, safari hii mstari niliokuwa nimeuruka: induktansi. Zikiungwa kwa mfululizo, milihenri 8.8. Zikiungwa sambamba, 2.2. Koili yenye induktansi kubwa hujaa mkondo polepole, na mota inapokimbia hatua inayofuata huja kabla mkondo haujafika. Juu ya hapo, mota yenyewe inapozunguka huzalisha volti za kuupinga umeme unaoingia. Zile 2.8 Nm ni za mota iliyosimama. Kwenye mbio hazikuwepo.

Mafundi wana kanuni ya kukadiria volti ya juu: 32 mara kipeuo cha pili cha milihenri. Kwa mfululizo mota zangu zilitaka karibu 95, nami nilikuwa nazilisha 24! Kwa usambamba zinataka kama 47.

Sikununua mota mpya. Niliziunga sambamba, nikanunua draiva za aina ya DM542, zinazofika ampea 4.2 na volti 50, na pawasaplai ya volti 36. Sikuweka 48 kwa sababu mota inapofunga breki hurudisha umeme kwenye draiva, na sikutaka kuishi kwenye ukingo wa kikomo. Kwa usambamba mota hutaka ampea 4.2, ila hizo za draiva ni za kilele, kwa hiyo mota inapata pungufu ya haki yake. Haijalalamika. Sasa Y inafika 3000 bila kukosa, na kwa kazi za kawaida nimeiacha 2500.

Kugawa hatua (draiva hukata kila hatua vipande vidogo) nimeishia kwenye moja ya nane, mapigo 320 kwa milimita. Moja ya thelathini na mbili ilipendeza masikio, lakini ni mapigo 1280, na GRBL, programu ya kidhibiti changu kwenye bodi ndogo ya Arduino Uno, hutoa takribani 30,000 kwa sekunde, kwa hiyo mwendo uligota karibu na 1400. Usahihi haukuongezeka hata chembe.

Joto lisikutishe. Mota hizi huruhusiwa kufika nyuzi 80 nje ya mwili wake, ingawa mkono hauvumilii hapo. Kitakachokuua draiva ni kuchomoa waya wa mota umeme ukiwa umewaka. Moja yangu ilikwenda hivyo, bila hata moshi.

Kilichobaki kuniudhi ni mhimili wa Z. Umeme ukizimwa, nguvu ya kushikilia nayo inazimika, na kichwa kizito kinashuka chenyewe taratibu juu ya kazi. Nimetenga kipande cha mbao ninachokisimamisha chini yake kila ninapofunga kazi, na tayari kina matundu matatu ya siku nilizochelewa.