Bunduki ya kupima joto na dizeli kuukuu inayochemsha: uzoefu wangu

Pikapu yangu ni dizeli ya zamani, silinda nne, haina turbo, na rejeta yake bado ni ile ya shaba. Kwenye tambarare mshale ulikuwa unatulia katikati siku nzima. Ikibeba mzigo na kukutana na mlima mrefu, mshale ulipanda hadi kugusa nyekundu. Mafundi waliipitia kwa kukisia: mmoja alibadilisha mfuniko wa rejeta, mwingine akang'oa kabisa thermostati (kilango kinachofunguka maji ya injini yakipata moto), akasema "gari za huku hazihitaji hicho kitu". Nikaamua kununua kipimajoto cha infraredi, kile kinachoshikwa kama bunduki, ili nianze kupima badala ya kubahatisha.

Nianze na kasoro yake, kwa sababu ndiyo inayowafanya wengi wakitupe. Nilikilenga kwenye kasha la thermostati, ambalo ni la alumini tupu, kikasoma nyuzijoto 58. Mpira wa rejeta unaoanzia hapo hapo ukasoma 86. Kifaa si kibovu. Chuma kinachong'aa hakitoi miale ya joto kama kitu cheusi kisichong'aa, na vifaa vya bei ya chini vimewekwa kuamini kwamba kila kitu ni kama cheusi. Dawa yake ni kipande cha tepu nyeusi ya umeme: ibandike kwenye alumini, subiri ipate moto, lenga hapo. Nilipofanya hivyo kasha lilisoma 88. Maelekezo ndani ya boksi hayasemi neno hata moja kuhusu jambo hili, na kwangu hilo ni kosa kubwa la mtengenezaji.

La pili ni umbali. Ubavuni kimeandikwa 12:1, yaani ukiwa sentimita 12 kutoka kwenye kitu kinasoma duara la sentimita 1. Ukisimama mita nzima nyuma, duara linakuwa sentimita 8 na zaidi, na ndani yake kuna mpira, chuma na chochote kilicho jirani. Nukta nyekundu ya leza ni ya kulengea tu, haipimi kitu.

Ukishayajua hayo mawili, kazi inakuwa tamu. Kwanza nilihakikisha kwamba geji ya dashibodi haisemi uongo, maana kwenye gari kuukuu sensa iliyochoka au waya wa ethi (unaounganisha umeme na bodi) wenye kutu unaweza kukutangazia moto usiokuwepo. Geji yangu ilikuwa mkweli. Kisha nikarudisha thermostati mpya. Injini kama hii thermostati yake ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na kisahani cha nyuma yake kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya bloku. Ukiing'oa, ile njia ya mkato inabaki wazi, maji ya moto yanazunguka humo humo bila kupozwa. Asubuhi injini inachelewa kupata moto, mlimani inachemsha vilevile. Na hiyo mpya niliiona ikifanya kazi bila kufungua kitu: injini ikiwa baridi mpira wa juu unabaki baridi, halafu kasha likifika kwenye 82 na ushei, joto la mpira linaruka ghafla.

Mlimani ikapungua kidogo tu. Ndipo nikaipima rejeta yenyewe. Nilipanda mlima na mzigo, nikasimama juu, nikaiacha injini inanguruma, nikapitisha bunduki mbele ya rejeta kutoka kushoto kwenda kulia, karibu kabisa. Sehemu kubwa ilikuwa 75 hadi 80. Katikati na pembeni kulikuwa na michirizi ya wima, ya 45 au 50 hivi. Kwenye rejeta hii maji hushuka kutoka tangi la juu hadi la chini, kwa hiyo mchirizi baridi ni mirija iliyoziba kwa magadi na kutu. Mirija iliyobaki ilitosha kwa tambarare, haikutosha kwa mlima. Kwa kuwa ni ya shaba, tangi la juu lilifunguliwa kwa moto, mirija ikazibuliwa kwa vyuma vyembamba, likachomelewa tena. Rejeta ya alumini yenye matangi ya plastiki usiijaribie hivyo, ibadilishe. Baada ya hapo, kwenye mlima ule ule na mzigo ule ule, tepu yangu ilisoma 91 na michirizi haikuwepo.

Faida nyingine sikuitarajia. Mara tu baada ya kuwasha, lenga mikono ya ekzosi mmoja mmoja inapotoka kwenye hedi. Unaobaki nyuma ya wenzake kwa joto, silinda yake haichomi sawasawa, na mara nyingi nozeli inayonyunyizia dizeli ndiyo ya kuangalia kwanza. Pia kinakuambia lini ni salama kufungua mfuniko. Maji yaliyobanwa na mfuniko wa bar 0.9 yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka, na ukiufungua yanalipuka usoni. Mimi nangoja mpira wa juu ushuke chini ya 50.

Yasiyowezekana nayo ni haya. Klachi ya feni, ile inayoikamata feni izunguke na injini, haikuoneshi: hiyo zima injini ikiwa ya moto, izungushe kwa mkono, ikizunguka bila ukinzani wowote mafuta yake ya silikoni yamekwisha. Na gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku na ikiungua hupitisha gesi kwenye maji, haiioni kabisa. Kabla ya kushusha rejeta nilitumia kile kichupa chenye dawa ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta, ambacho hubadilika rangi kikikutana na gesi ya mchomo. Kwenye dizeli usikiamini kwa haraka, kwa sababu injini ikinguruma bila mzigo moshi wake una kaboni dioksaidi kidogo. Pandisha mizunguko, endelea kupampu, kipe muda. Yangu ilibaki bluu.