Uzoefu wangu na polisi kata hapa Mbeya, baada ya kuibiwa floti (pesa ya kazi iliyo kwenye laini ya uwakala)

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa. Kibanda changu kiko hapa jijini Mbeya, kando ya njia wanayopita akina mama wakipeleka viazi na ndizi sokoni, na huu ni mwaka wangu wa sita hapo. Naandika kuhusu huduma ya polisi kata, yaani yule mkaguzi wa polisi anayepangiwa kata moja afanye kazi na wananchi wake. Nimeitumia kwa miezi kadhaa sasa na naona wengi hawajui hata kama ipo. Mimi mwenyewe sikujua mpaka siku niliyolizwa.

Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao Mbeya unafungua biashara umevaa sweta mbili na vidole bado vimekufa ganzi. Alikuja kijana amevaa fulana ya kampuni ya simu, kitambulisho kimening'inia shingoni. Akaniamkia vizuri, shikamoo mama. Akasema wanapita kuhakiki laini za uwakala, na zisizohakikiwa zitafungwa jioni ileile. Nikampa simu, kitochi changu cha kazi. Akaniomba niingize namba ya siri ili menyu ifunguke, nikaingiza yeye akiwa amesimama ubavuni kwangu. Akabonyezabonyeza, akafungua kifuniko cha nyuma akisema laini ina vumbi, akaipangusa, akanirudishia. Akaaga.

Mteja wa kwanza baada yake alitaka kutoa elfu ishirini. Menyu ikagoma. Nikazima, nikawasha, ikagoma tena. Nilipotoa laini nikakuta ni nyingine kabisa, ya rangi ileile. Nikaazima simu ya fundi cherehani wa jirani, nikapiga huduma kwa wateja, nikaambiwa salio ni sifuri. Shilingi 640,000 zilikuwa zimeondoka ndani ya dakika kama 15, na 400,000 kati ya hizo nilikuwa nimezikopa kwenye kikoba.

Nilikwenda kituoni siku hiyohiyo. Nikaandika maelezo, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha kituo, na hakuna aliyeniomba hata shilingi. Nalisema hili kwa sababu wapo watu wanaokaa na shida zao nyumbani wakidhani RB inanunuliwa. Baada ya hapo, kimya. Nikienda naambiwa jalada liko kwa mpelelezi, mpelelezi yuko nje kikazi. Safari ya nne nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, kibanda kimefungwa, nikarudi na jibu lilelile. Nilichoka kuliko siku niliyoibiwa. Pesa ukiibiwa unajua zimeondoka. Kutojua kama kuna mtu anafuatilia ndiko kunakomla mtu taratibu.

Mwenyekiti wetu wa mtaa ndiye aliyeniuliza, "Afande wa kata umemwona?" Nikamwambia sijui kama tunaye. Akanishika mkono mpaka ofisi ya kata.

Chumba chenyewe ni kidogo, kina meza moja, viti viwili na daftari kubwa la jalada gumu. Mkaguzi alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniambia, "Sasa mama, anza tena taratibu, mimi niandike." Akauliza mambo ambayo sikuwahi kuulizwa. Kijana alitokea upande gani? Aliondoka kwa miguu au kuna bodaboda ilimsubiri? Fulana ilikuwa na maandishi nyuma? Akanituma nikaombe kampuni taarifa ya miamala ya siku ile, nimletee imechapishwa. Akanieleza pia kitu kilichonipunguzia hasira: kampuni haiwezi kunipa mimi jina la aliyepokea pesa zangu, hata nikilia mlangoni kwao. Polisi ndio wanaoandika barua rasmi kuomba taarifa hizo, na barua ina njia yake na muda wake. Kumbe wiki zote zile nilikuwa nadai kitu ambacho kaunta ya kituo haina. Laiti mtu angenieleza hivyo siku ya kwanza.

Nikamwuliza, mbona laini zote zilishasajiliwa kwa alama za vidole, tangu lile zoezi la 2019 lililotufikisha Januari 2020 watu wakizimiwa laini? Mwizi si anajulikana? Akanijibu kwamba matapeli hawatumii laini za majina yao. Wanatumia zilizosajiliwa kwa vidole vya wengine, mara nyingi mtu aliyekwenda kusajili laini moja akaambiwa weka tena kidole, mtandao unasumbua, weka tena. Akaniambia nibonyeze *106# palepale mbele yake, nione laini zilizo kwenye kitambulisho changu cha taifa. Zilikuja tano. Mbili sizijui mpaka leo zilitoka wapi. Nilikwenda kuzifuta kesho yake asubuhi kabla sijafungua biashara, na tangu hapo kila mteja ninayemwamini namwambia abonyeze.

Kuanzia wiki ile, kila Ijumaa nilipata neno kutoka kwake. Si kwamba kila Ijumaa kulikuwa na habari njema. Mara nyingi ujumbe ulikuwa mfupi tu: "Mama, barua ilikwenda Jumanne, bado hatujajibiwa." Nilikuwa nausoma mara mbili tatu. Ningepewa nafasi ya kuisifu huduma hii kwa jambo moja tu, ningetaja huo mrejesho.

Mwezi uliofuata akaitisha mkutano kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Ule wa kwanza aliuweka saa nne asubuhi, wakaja wazee na akina mama wachache, sisi wafanyabiashara tuko vibandani. Tukamwambia. Uliofuata ukawa saa kumi na moja jioni na uwanja ukajaa, watu wamejifunga mablanketi. Hakutusomea hotuba. Alianza na mambo yaliyotokea kwenye kata yetu mwezi ule: nyumba ngapi zimevunjwa, mitaa gani, saa ngapi, wamekamatwa wangapi na wako wapi sasa. Mzee mmoja akasema hajawahi kusikia polisi akihesabu mbele yake. Akanisimamisha na mimi nieleze nilivyoibiwa. Niliona aibu, maana nilijiona mjinga. Nilipokaa, mawakala wengine watatu wakanyanyuka mmoja baada ya mwingine. Waliibiwa vilevile, na hawakuripoti popote kwa aibu ileile.

Palepale ikaamuliwa liundwe kundi la WhatsApp la mawakala na wajumbe wa mitaa, yeye akiwemo. Kundi lina kero zake, sitaficha. Wiki ya kwanza lilijaa salamu za asubuhi na matangazo ya kuuza viwanja. Kisha kuna aliyeweka picha ya kijana wa watu akaandika "mwizi huyu hapa". Afande akaiondoa ndani ya dakika chache na kuandika kwamba huyo hata mtuhumiwa si, hakuna aliyemlalamikia popote, na kwamba kumtangaza mtu mwizi kwenye simu kunaweza kumtoa roho usiku huohuo. Baadhi walinuna. Mimi nilimwelewa, kwa sababu ya jambo nililoliona Oktoba.

Usiku ule yalisikika mayowe nyuma ya nyumba za jirani. Kijana kakutwa na mtungi wa gesi wa mtu. Tulipofika ameshapigwa, damu inamtoka sikioni, na kuna mtu anaviringisha tairi analileta. Wenyeji wa miji yetu hii mnajua tairi ni la nini. Mwenyekiti akapiga simu. Afande alifika kwa bodaboda, koti kubwa juu ya nguo za nyumbani, askari wenzake wakiwa bado njiani. Hakupaza sauti. Alipita katikati ya watu, akasimama mbele ya yule kijana, akatoa daftari. Akauliza, "Mwenye mtungi yuko wapi? Sogea hapa niandike jina. Nani mwingine alimwona akiutoa? Naomba majina ya mashahidi." Watu waliokuwa mbele wakaanza kurudi nyuma. Walibaki wanne walioona kweli. Kijana akapakiwa kwenye bajaji, akapelekwa kituoni, baadaye hospitali.

Mkutano wa Novemba akatupa mrejesho wa kesi ile: kijana alifikishwa mahakamani, akakiri, akahukumiwa. Uwanja mzima ulinyamaza. Tumezoea kusema ukimpeleka mwizi polisi kesho unamkuta kijiweni, ndiyo maana watu wanakimbilia tairi. Hapo ndipo alipotufafanulia dhamana, kwamba ni haki ya mtuhumiwa kwa makosa yanayodhaminika, kwamba dhamana ya polisi hailipiwi, na kwamba kumwona mtu mtaani hakuna maana kesi imekufa. Mama mmoja akauliza kama kweli polisi wanaweza kumweka mtoto wake ndani wiki nzima. Akamjibu kuhusu saa 24 za kumfikisha mtuhumiwa mahakamani, na kwamba ndugu wana haki ya kuuliza yuko wapi na anatuhumiwa nini. Polisi anayewafundisha wananchi maswali ya kumwuliza polisi, mimi nilimheshimu kwa hilo zaidi ya sare yake.

Kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto, lile la polisi linalopokea kesi za ukatili, hakuzungumza mwenyewe kwa muda mrefu. Alikuja na askari wa kike, akatuachia akina mama naye, wanaume wakakaa kando. Yaliyosemwa pale ni ya wenyewe. Ninaloweza kuandika ni kwamba wapo waliokwenda kwenye dawati wiki ile ambao wasingekwenda kamwe.

Yangu iliishia wapi? Januari, wakala mmoja wa kundi letu, kibanda chake kiko jirani na kituo cha daladala, alitembelewa na kijana wa fulana na kitambulisho. Habari ileile, laini zinahakikiwa, zitafungwa jioni. Yule dada akasema sawa, ngoja nimalize na mteja, akaishika simu kifuani, akaandika kundini neno moja: "Amekuja." Bodaboda wa kijiwe kile ni wajumbe wa ulinzi shirikishi, wakamzunguka bila kumgusa mpaka afande na wenzake walipofika. Mfukoni alikutwa na laini nyingi. Nilipelekwa kumtambua, nikamtambua. Kesi iko mahakamani, kwa hiyo sitaeleza zaidi. Pesa yangu haijarudi, na afande alishaniambia wazi kwamba huenda isirudi yote. Kikoba nimemaliza kukilipa mwezi uliopita kwa jasho langu.

Sasa mapungufu. Mkaguzi ni mmoja na kata ni kubwa. Kuna wiki mbili alikwenda kikazi na hatukuambiwa nani anashika nafasi yake, simu ikawa inaita tu. Usafiri hana wa uhakika, tumemwona mara nyingi akilipa bodaboda kutoka mfukoni mwake. Vijana hawaji mikutanoni, na vijana ndio wanaoibiwa simu na ndio wanaokamatwa. Na huduma hii inategemea mno moyo wa mtu mmoja. Dada yangu anaishi Iringa, nilimsimulia haya, akakwenda ofisi ya kata yake kuuliza. Akakuta mkaguzi yupo, namba yake imebandikwa, ila mkutano hajawahi kuitisha. Ningependa mrejesho uwe sharti la kazi kila kata, uwe na tarehe yake kwenye kalenda kama ilivyo siku ya kikoba.

Kwa anayetaka kuanza: nenda ofisi ya kata au kwa mwenyekiti wako wa mtaa, uliza jina na namba ya mkaguzi, uihifadhi. Jambo la dharura usimsubiri yeye, piga 112. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiufute, usambaze kwenda 15040. Ukipoteza kitambulisho au laini, taarifa ya upotevu inaombwa kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi mtandaoni na kulipiwa kwa kontroo namba. Wateja wangu wengi wasiojua hilo nimewasaidia kuijaza hapahapa kibandani. Na wakala mwenzangu, simu ya kazi haitoki mkononi mwako kwa mtu yeyote, hata akiwa na fulana ya rangi gani.

Karatasi yenye namba ya afande pale mlango wa ofisi ya mtaa ilifutika kwa mvua za Machi. Nimeiandika upya kwa kalamu ya wino mzito, nimeifunika kwa nailoni, na nyingine nimeibandika kwenye dirisha la kibanda changu, pale mteja anapoinamia kutaja namba.