Katana ya "matabaka 32,768": wamechora karafuu juu ya kazi halali

Nyota moja. Ngoja, mbili. Soma kwanza, utaona mwenyewe kwa nini zinapanda na kushuka.

Katana hii, yaani upanga wa Kijapani, ilinifikia miezi kadhaa iliyopita. Tangazo la wauzaji lilisema upanga umefuliwa kwa mkono Japani, chuma kimekunjwa mara 15, matabaka 32,768. Hesabu haina kosa, kila kikunjo kinazidisha mara mbili. Mpini nao hauna neno: ngozi ya samaki taa imekaza, kijiti cha mwanzi kinachoshikilia bapa kimeingia kwa kugongwa, hakichezi. Ala inafunga vizuri. Yote hayo nayasema haraka maana hayakunikera.

Kilichonikera ni hamon, ule weupe unaopita juu ya makali.

Picha zao zilionyesha hamon ya choji. Choji ni karafuu, hii hii ya Unguja na Pemba. Hata mafuta ya kupaka panga kule huitwa ya choji. Hamon ikaitwa hivyo kwa sababu mawimbi yake yana kichwa cha mviringo na shingo nyembamba, kama karafuu zilizopangwa mstarini. Mafundi wa kale wa Bizen, jimbo la zamani la Japani, ndio waliosifika nayo. Kwao karafuu mbili hazifanani, kwa sababu hamon inaanza na udongo unaopakwa kwa mkono: mwembamba kwenye makali, mnene mgongoni. Upanga ukishaiva moto unazamishwa majini. Penye udongo mwembamba chuma kinapoa ghafla na kuwa kigumu, penye udongo mnene kinapoa taratibu kikabaki laini. Mpaka wa hizo sehemu mbili ndio hamon.

Sasa kwenye upanga wangu, karafuu ya kwanza na ya tisa ni pacha. Ya kumi na saba pia. Mchoro unajirudia kama pindo la kanga!

Anayetaka kupima wake afanye hivi. Futa mafuta yote kwa spiriti na pamba. Zima taa za chumba, acha balbu moja tu, si taa ya mrija. Elekeza bapa kwenye balbu, kisha usitazame pale mwanga unapong'aa, tazama pembeni yake kidogo. Hamon ya kweli itaonyesha punje ndogo zinazometa kama sukari (huitwa nie), au ukungu mwembamba (huitwa nioi). Ya kuchorwa kwa asidi au brashi ya waya ni nyeupe vilevile kila pembe, kama chokaa, na mpaka wake hauna punje.

Wangu ulikuwa chokaa. Nilisita kidogo, maana hata Japani kuna hadori: msafishaji anasugua kipande chembamba cha jiwe kwa kidole gumba ili makali yawe meupe, na weupe huo haufuati hamon kila kona. Lakini hadori inapamba kitu kilichopo. Ukigeuza bapa kwenye mwanga, hamon yenyewe unaiona ndani yake. Hapa ndani hamkuwa na kitu.

Basi nikachukua pamba na dawa ya kung'arishia shaba, nikasugua upana wa vidole viwili tu, karibu na mpini. Karafuu tatu zikahamia kwenye pamba. Dakika chache, kwisha.

Na hapo ndipo hasira ikageuka. Chini ya chokaa kulikuwa na mstari mwingine. Umenyooka, mwembamba, kama milimita 5 kutoka kwenye makali. Nikapitisha siki ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, nikafuta, nikanyunyizia magadi ya kuokea kuua asidi, nikasuuza, nikakausha, nikapaka mafuta. (Panga kongwe la Kijapani usiliguse kwa siki wala dawa ya shaba, mpelekee msafishaji wa kazi hiyo.) Mstari ukazidi kuonekana, kwa sababu chuma kigumu na chuma laini haviliwi na asidi sawasawa. Ni suguha, hamon iliyonyooka, na ni ya kweli! Kuna mtu alipaka udongo, akakisia joto, akazamisha majini bila bapa kupasuka, na hapo ndipo mapanga mengi hufia. Halafu mwingine akaja na asidi akachora karafuu juu yake.

Nyota tatu kwa aliyezamisha. Kwa aliyechora, hata moja sina.

Nilipowaandikia wauzaji, jibu lilikuwa hili: "Mpendwa mteja, wanunuzi hawapendi mstari ulionyooka. Tafadhali usisugue." Wakaongeza kwamba ya aina hii wanazo 40 stoo, nichague yenye mawimbi zaidi kwa punguzo. Arobaini! Japani fundi mwenye leseni haruhusiwi kumaliza panga ndefu zaidi ya mbili kwa mwezi, na kila moja husajiliwa kwa karatasi yake. Karatasi ya wangu nimeiomba mara tatu, wananitumia picha ya sanduku.

Hata ile michirizi myeusi na myeupe ubavuni, mipana kama ya ubao wa mninga, sasa naitilia shaka. Chuma cha kukunjwa vizuri mishipa yake ni ya kutafutwa kwenye mwanga, haikurukii ukiwa mlangoni. Michirizi ya hivi hutoka kwenye vyuma viwili tofauti vilivyochanganywa, vikaloweshwa asidi kali.

Ubavu wa kulia nimeshausafisha wote, suguha imetulia mwanzo hadi ncha. Wa kushoto nimeuachia karafuu zake hadi warudishe pesa. Nyota mbili. Wakinijibu tena "mpendwa mteja", moja.